Hakuwa na wa Kumwambia: Kisa cha Malezi ya John Stuart Mill

Majira ya vuli ya mwaka 1826, jijini London, karani mmoja wa miaka 20 alijiuliza swali lililomvunja nguvu kwa miezi kadhaa. Kwa macho ya watu hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na ajira ya uhakika katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, makala zake zilikuwa zikichapishwa, na mwanafalsafa Jeremy Bentham, rafiki wa baba yake, alikuwa amemkabidhi rundo la miswada kuhusu ushahidi mahakamani ili aigeuze kitabu. Tangu mdogo alielekezwa kwenye shabaha moja: kuirekebisha jamii ili watu wengi zaidi wapate furaha. Sasa akajiuliza, mageuzi yote unayoyatamani yakitimia hivi leo, wewe mwenyewe utafurahi? Nafsi ikamjibu bila kigugumizi: hapana.

Kijana huyo ni John Stuart Mill, aliyekuja kuwa mmoja wa wanafalsafa na wachumi wakubwa wa karne ya 19. Ukipima kwa mafanikio, baba yake alishinda, na ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Kuchambua malezi makali yaliyozaa mtoto aliyefeli ni kazi rahisi, kila mtu atakuunga mkono. Kazi iko pale ambapo mzazi alikusudia kumfanya mwanawe gwiji, mtoto akawa gwiji kweli, halafu unaulizwa: basi kasoro iko wapi?

Kuna faida nyingine. Mill aliandika tawasifu iliyotoka mwaka 1873, muda mfupi baada ya kifo chake, na humo anamzungumzia baba yake kwa heshima na kwa haki. Lakini rasimu ya awali, aliyoiandika karibu miaka ishirini kabla, ilisalimika, ikachapishwa mwaka 1961. Ukizisoma pamoja unaona alichosema na pia alichokiandika kisha akakifuta. Mengi ya yale yaliyofutwa yanahusu nyumbani.

Baba

James Mill alizaliwa mwaka 1773 mashariki mwa Uskoti, mtoto wa fundi viatu. Mama yake, Isabel Fenton, aliamua mapema kwamba kifungua mimba wake hatakaa kwenye benchi la ufundi. Yeye ni wa vitabu. Kazi za mikono zikaachiwa wengine, James akasoma. Bwana mkubwa wa eneo hilo, Sir John Stuart, akamfadhili hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1798 alipata kibali cha kuhubiri, lakini uhubiri haukumwendea vizuri, na imani yenyewe baadaye ikamtoka. Mwaka 1802 akaenda London kuishi kwa kalamu. Alioa mwaka 1805, na mtoto wa kwanza alipozaliwa tarehe 20 Mei 1806 akampa jina la mfadhili wake. Baadaye watoto wakafika tisa.

Kwa hiyo James mwenyewe alikuwa mradi wa mzazi. Alijua kwa maisha yake kwamba elimu ndiyo iliyomtoa kwenye kibanda cha viatu. Mzazi wa namna hii ni vigumu kumwambia anakosea, kwa sababu ushahidi wake ni yeye mwenyewe. Juu ya hayo alikuwa na nadharia: akili ya binadamu hujengwa yote na uzoefu, hivyo ukiunganisha mapema jambo jema na raha, na baya na maumivu, utampata mtu unayemtaka.

Mwaka uleule wa 1806 alianza kuandika historia ya India. Alidhani ingemchukua miaka mitatu. Ilimchukua zaidi ya kumi, ikatoka mwaka 1817. Hakuwahi kukanyaga India wala hakujua lugha ya huko, na alijitetea kwamba mtu aliyejifungia na nyaraka nzuri Uingereza anaweza kuijua India kuliko aliyeishi huko maisha yake yote. Naitaja habari hii kwa sababu naona tabia ileile kwenye malezi yake. Alikuwa na imani kubwa mno kwamba kitu chenye uhai kinaweza kueleweka chote kutoka mezani.

Mwaka 1812, James alipokuwa akiugua, Bentham alijitolea kumlea kijana endapo baba angefariki. James akajibu kwamba jambo ambalo lingemuuma ni kuiacha akili ya mtoto haijakamilika kutengenezwa, na kwamba huenda wao wawili wangemwacha mrithi anayewastahili wote. Mrithi huyo alikuwa na miaka sita.

Meza moja

Kigiriki alianza akiwa na miaka mitatu. Mwenyewe hakukumbuka, aliambiwa. Baba alimwandikia kwenye kadi orodha za maneno na maana zake, kisha wakaingia kwenye hekaya za Esopo. Kabla ya kutimiza miaka minane, umri alioanza Kilatini, alikuwa amemsoma Herodoto wote na sehemu kubwa ya Ksenofoni, waandishi wa Ugiriki ya kale. Akiwa na miaka saba alisoma mazungumzo sita ya kwanza ya Plato, na ukubwani alikiri kwamba la mwisho kati ya hayo lingeachwa tu, maana hakukuwa na uwezekano wowote wa kulielewa. Mantiki ilikuja akiwa na miaka 12, uchumi akiwa na 13. Jioni ilikuwa ya hesabu, nayo aliichukia.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na utajiri, na ndipo wasomaji wengi hukimbilia kuhukumu. Tazama meza yenyewe. Baba na mtoto walikaa meza moja. James alikuwa anaandika ile historia ya India huku ana familia ya kulisha na hana mshahara wa kudumu. Kamusi ya Kigiriki kwa Kiingereza haikuwepo wakati huo, zilizokuwepo zilitoa maana kwa Kilatini, na mtoto Kilatini hajui. Kila neno asilolijua ilibidi amuulize baba. James Mill, ambaye mwanawe anamtaja kuwa kati ya watu wasio na subira kabisa, alikatizwa hivyo siku baada ya siku, akajibu, akarudi kwenye sentensi yake. Mzazi anayelipia masomo ya ziada ya jioni halafu yeye anaangalia runinga hawezi kujilinganisha na mtu huyu. Alitoa muda wake, na muda ndio aliokuwa hana.

Asubuhi kabla ya kifungua kinywa walitembea kwenye vichochoro vya mashambani kuelekea Hornsey, mtoto akisimulia alichosoma jana yake kutoka kwenye vikaratasi alivyoandikia mambo makuu. Matembezi hayo aliyakumbuka kwa mapenzi, pamoja na majani na maua ya porini. Na haikuwa elimu ya kukariri, jambo ambalo Mill analisisitiza. Baba hakuruhusu somo ligeuke zoezi la kumbukumbu. Jambo lolote ambalo mtoto angeweza kuligundua kwa kufikiri hakuambiwa mpaka ajaribu kwanza. Walipofika kwenye uchumi, baba alimweleza wakitembea, kesho yake kijana anaandika alichoelewa, anasomewa makosa, anaandika tena na tena mpaka pawe wazi. Maandishi hayo baba aliyatumia baadaye katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1821. Mtoto wa miaka 13 anafanya kazi inayotumika kweli! Walimu wengi wa leo wangetamani kuwa na mwanafunzi anayefundishwa hivyo.

Sasa upande wa pili wa meza ileile. Likizo hazikuwepo, kwa hofu kwamba mtoto angepoteza desturi ya kazi na kuonja uvivu. Muda wa kujiburudisha kila siku alipewa, lakini bila watoto wenzake, kwa sababu baba hakutaka aambukizwe mawazo na tabia za wavulana wa mtaani. Vitabu vya watoto vilikuwa vya kuhesabu, karibu vyote zawadi za ndugu na marafiki. Akikosa, baba aliwaka, mara nyingi kwa mambo ambayo mtoto wa umri ule asingeweza kuyapatia. Akisoma kwa sauti vibaya alikaripiwa na kuelezwa sentensi ilitakiwa isomwe vipi, lakini baba hakuwahi kuisoma mwenyewe ili mtoto asikie.

Tangu miaka minane alipewa pia wanafunzi: wadogo zake. Alimfundisha Kilatini dada yake, kisha wengine walipofuata, na aliwajibika kwa masomo yao karibu sawa na kwa yake. Mdogo asipojua somo, kaka hana amani. Hilo nalo alilichukia. Kifungua mimba yeyote wa kwetu anaujua mzigo huu, ila wachache wameubeba kwa Kilatini.

Wa mwisho katika darasa la mtu mmoja

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba Mill hakujua kuwa yuko mbele. Baba alihakikisha hasikii sifa wala hajilinganishi na wengine. Kipimo hakikuwa wanachofanya watoto wengine. Kilikuwa kile ambacho binadamu anaweza na anapaswa kufanya. Alipokuwa na miaka 14, karibu kwenda Ufaransa kuishi kwa muda na familia ya ndugu yake Bentham, baba alimchukua bustani ya Hyde Park, London, na kumweleza kwa mara ya kwanza: utakutana na watu, utagundua unajua mambo ambayo vijana wa rika lako hawayajui, nao watakusifu. Usijivune. Sifa si yako. Ni bahati ya kuwa na baba aliyeweza na aliyekubali kukufundisha. Kujua zaidi ya wasiopata bahati hiyo si la kusifiwa. Kutojua ndiko kungekuwa aibu kubwa.

Nia ilikuwa njema: kuzuia majivuno. Na ilifaulu, Mill hakuwa mtu wa majivuno. Lakini angalia hesabu inayobaki kwa mtoto. Akifaulu, deni limelipwa. Akishindwa, ni aibu. Hakuna safu ya tatu. Anasema alijiona daima yuko nyuma, kwa sababu alijipima kwa matarajio ya baba. Mtoto aliyekuwa pengine mbele ya watoto wote wa Uingereza aliishi kama anayeburuza mkia, katika darasa lenye mtu mmoja.

Hapa kwetu mjadala wa shinikizo la masomo mara nyingi huishia kwenye kulinganisha watoto: umekuwa wa ngapi, mtoto wa jirani amepata nini. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa kumi bora, na binafsi naona lilifanya vyema. Kisa hiki kinaonyesha, hata hivyo, kwamba unaweza kuondoa ulinganifu wote, mtoto asimjue hata mmoja wa kushindana naye, na bado akajiona ameshindwa. Inatosha awepo mpimaji mmoja asiyeridhika, na mpimaji huyo awe ndiye mtu pekee anayezungumza naye.

Mpimaji mmoja, basi. Mwalimu, msahihishaji, mwenza wa matembezi, na baada ya 1823 bosi wa ofisini, maana John aliajiriwa akiwa na miaka 17 katika idara ileile ya Kampuni alikokuwa baba yake. Nafasi hizi zote zilikaliwa na mtu mmoja. Ugumu wa masomo, kwa maoni yangu, haukuwa na sehemu kubwa katika kilichotokea. Ila nyumba nzima ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa mtihani.

Vuli ya 1826

Turudi kwenye swali. Baada ya jibu lile alijikuta hana tena sababu ya kuishi. Alilala akidhani usingizi utaondoa, haukuondoa. Majira yote ya baridi ya 1826 hadi 1827 aliendelea na kazi za ofisi, mijadala na uandishi kwa mazoea tu, mwili ukienda wenyewe. Kitabu cha Bentham kilitoka mwaka 1827 katika juzuu tano. Hakuna aliyegundua kitu. Leo tungeiita hali hiyo sonona, ingawa mimi si daktari na yeye hayupo kupimwa. Alichoeleza ni kukauka kwa hisia zote, furaha na uchungu pamoja.

Sehemu inayonigusa katika simulizi yake ni sababu za kunyamaza. Anasema angekuwepo mtu anayempenda kiasi cha kumfanya ajisikie anaweza kumweleza, asingefika pale alipofika. Na baba? Baba ndiye ambaye kwa shida nyingine yoyote angemkimbilia. Kwa hili alikuwa wa mwisho kabisa. Alijua baba haielewi hali kama hiyo, na hata angeielewa asingekuwa na tiba. Halafu anatoa sababu ya tatu: hakutaka kumtia baba uchungu wa kujua kwamba mpango wake umeshindwa.

Tuitazame sababu hiyo ya tatu. Kijana anazama, na katika kuzama anamlinda aliyemfikisha pale asije akaumia. Watu wakisikia mtoto mtiifu hataki kuwasumbua wazazi, husema amelelewa vizuri. Mara nyingi ni kweli. Lakini utiifu wa aina hii una gharama: mtoto anajifunza kwamba shida yake ikijulikana itakuwa hukumu juu ya kazi ya mzazi, kwa hiyo anaificha kama mtumishi anavyoficha hasara ya tajiri wake.

Maelezo yake mwenyewe juu ya chanzo ni ya kitaalamu zaidi. Alifundishwa kuamini kwamba hisia njema hutengenezwa kwa kuunganisha mambo na sifa au lawama. Alichogundua ni kwamba viungo hivyo ni vya bandia, na akili iliyozoezwa kuchambua kila kitu huvikata kimoja kimoja. Baba alimpa kwa mkono mmoja mapenzi ya manufaa ya umma, na kwa mkono wa pili kisu cha kuyachanjachanja. Maelezo mazuri, na nadhani ni sahihi kwa sehemu. Lakini angalia: hata anapoeleza kukauka kwa hisia, anaeleza kama anayejibu swali la baba njiani kuelekea Hornsey.

Machozi na tafsiri zake

Aliinuka taratibu. Baada ya takriban nusu mwaka alikuwa anasoma kumbukumbu za maisha za mwandishi Mfaransa Jean-François Marmontel, akafika pale baba wa Marmontel amekufa, familia imepigwa na butwaa, na kijana anawaambia atakuwa kila kitu kwao, atajaza nafasi yote iliyopotea. Mill akalia. Tangu hapo, anasema, mzigo ukapungua: alijua si gogo wala jiwe.

Kwa wanaofuata nadharia za Freud, daktari aliyefundisha kwamba tamaa zilizofichika ndani ya nafsi humwendesha mtu, hapa ni karamu. Mwaka 1945 Albert William Levi alichapisha makala akidai kwamba kijana alilia kwa sababu ndani kabisa alitamani kifo cha baba yake na kuchukua nafasi yake. Upande mwingine kabisa, Alexander Bain, rafiki na mwandishi wa maisha ya Mill, aliona ni uchovu wa kazi nyingi mno. Bain anapuuza mno na Levi anajua mno. Ninachokiona mimi kwenye ukurasa ule ni kidogo zaidi: familia inayolia pamoja, waziwazi, na kijana anayefariji bila kuulizwa amesoma nini. Kitu ambacho Mill hakuwahi kukiona nyumbani alikipata kwenye maandishi ya mtu mwingine. Ni kweli kijana wa Marmontel naye anajitwisha mzigo wa kuwa kila kitu kwa wenzake, kwa hiyo hata faraja yake ina harufu ya wajibu. Kifungua mimba ni kifungua mimba.

Baadaye, mwaka 1828, mashairi ya William Wordsworth yalimsaidia zaidi. Yalimwonyesha kwamba kuna raha ya kutazama na kuhisi ambayo haimdai mtu chochote. Muziki nao alikuwa akiupenda tangu utoto, lakini katika kipindi kile kigumu hata huo ulimtia wasiwasi: sauti za muziki ni chache, michanganyiko yake ina kikomo, itakuwaje nyimbo zote nzuri zikiisha? Mwenyewe aliandika jambo hilo akijicheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaona hapa ndipo pa kumhurumia: kijana amepewa starehe moja, na anaikagua.

Kilichofutwa

Katika tawasifu iliyochapishwa, Mill anasema kilichopungua zaidi kwa baba yake katika uhusiano na watoto ni upole wa mapenzi. Haamini kwamba upole haukuwemo. Anaamini baba aliona haya kuuonyesha, na kwa kutouonyesha ukanyauka. Anamhurumia mzazi aliyefanya makubwa kwa watoto wake, ambaye angethamini sana mapenzi yao, na ambaye bila shaka alikuwa akihisi kila siku kwamba woga unayakausha mapenzi hayo kwenye chemchemi. Wadogo zake, anasema, walimpenda baba sana. Yeye mwenyewe anashindwa kusema kiasi hicho. Anasema alikuwa mwaminifu kwake daima.

Rasimu ni kali zaidi. Humo anaandika kwamba alikua bila upendo na mbele ya woga. Anasema pia kwamba kukaa utoto mzima chini ya utashi wenye nguvu hakujengi utashi. Alizoea kuambiwa la kufanya, au kukaripiwa kwa kutolifanya, hata akamwachia baba wajibu wote wa kuamua, na dhamiri yake haikusema naye ila kwa sauti ya baba. Na yumo mama. Anasema mama mwenye moyo wa joto angemfanya baba kuwa mtu mwingine kabisa, na watoto wangekua wakipenda na kupendwa. Yote hayo yaliondolewa. Katika kitabu kilichotoka, mama huyo, Harriet Mill, aliyezaa watoto tisa na kuendesha nyumba hiyo, hatajwi hata mara moja.

Lakini shahidi huyu ana ugomvi, na mchambuzi asiyelisema hilo anadanganya. Mwaka 1851 Mill alimwoa Harriet Taylor, mjane ambaye urafiki wake naye wa miaka ishirini ulikuwa umezua maneno. Aliona mama na dada zake hawakumpa mkewe heshima inayostahili, akawafungia moyo na kuwaandikia barua za baridi kali. Rasimu ni ya wakati huohuo. Mkewe aliisoma na kuitia alama. Mama alifariki mwaka 1854. Maneno yale juu ya mama yaliandikwa na mwana aliyekuwa amemnunia. Siyachukui kama hukumu juu ya mwanamke yule, ambaye kwa ushahidi uliopo alikuwa akizidiwa na mume mwenye dharau na nyumba iliyojaa watoto. Nayachukua kama dalili: akiwa na miaka karibu hamsini, Mill bado hakujua namna ya kugombana na mtu wa nyumbani na kupatana naye. Nani angemfundisha? Nyumbani kwao kosa lilisahihishwa. Kusameheana sioni kama kulikuwa na somo lake.

Mwili pia uliweka kumbukumbu. James alipofariki mwezi Juni 1836, John aliugua, akapewa ruhusa ya kazini kwenda kupumzika Ulaya bara, na tangu hapo jicho moja lilibaki na mtikisiko ambao watu waliuona hadi uzeeni. Kazi za mikono zilimshinda maisha yote. Mwenyewe alisema malezi yake yalimfaa kujua kuliko kutenda.

Tumweke wapi James Mill

Tangu miaka ya 1960 wataalamu wengi hutumia mgawanyo wa mwanasaikolojia Diana Baumrind: kuna mzazi wa amri na kuna mzazi thabiti. Wote wanadai mengi. Wa kwanza hataki hoja wala haonyeshi ukunjufu. Wa pili anaeleza sababu, anasikiliza, na mtoto anaona anapendwa. James Mill anausumbua mgawanyo huu. Hoja alizikaribisha, hata alimkaripia mwanawe kwa kutumia neno asiloweza kulifafanua. Kisomo alikuwa mzazi wa pili, kihisia wa kwanza, na matokeo yakagawanyika vivyo hivyo: akili huru kuliko nyingi za zama zake, ndani ya mtu aliyeogopa kufungua moyo.

Utafiti mwingine unakaribia zaidi. Mwaka 2004 Avi Assor, Guy Roth na Edward Deci waliandika juu ya watu waliokulia kwenye mapenzi ya masharti, yaani yanayoonekana kupanda mtoto anapofanya vizuri na kushuka anaposhindwa. Mara nyingi watu hao walitenda walichotarajiwa, lakini kwa kujisukuma kwa ndani. Raha ya kufaulu ilikuwa fupi, kushindwa kulileta aibu na hatia, na kwa wazazi walibaki na kinyongo. Ukitafuta kinyongo cha Mill kwenye kitabu utapata heshima. Kinyongo kimekaa kwenye rasimu.

Rafiki yake John Sterling alikuja kumwambia kwamba kabla ya kumfahamu, yeye na wengine walimdhania kuwa mtu wa kutengenezwa, aliyegongwa muhuri wa maoni ambayo angeweza kuyarudia tu. Mill hakusahau. Mwaka 1859, alipoandika juu ya uhuru, alisema maumbile ya binadamu si mashine ya kujengwa kwa kufuata kielelezo. Ni mti unaohitaji kukua kila upande. Baba yake alikuwa amekufa miaka 23 kabla ya hapo.

Wanaotaka kumtumia Mill kama shahidi wa malezi laini watakata tamaa, ingawa. Katika tawasifu ileile anailalamikia elimu mpya inayomrahisishia mtoto kila kitu. Anahofu italea watu wasioweza kufanya jambo lolote wasilolipenda. Anasema pia haamini kwamba woga unaweza kuondolewa kabisa katika malezi, ila usiwe kiungo kikuu, na ukizidi hata kuzuia upendo na imani ya mtoto kwa mlezi, basi ni uovu ambao faida yoyote ya elimu inapaswa kupunguziwa hesabu. Kuhusu ugumu wa kazi namuunga mkono. Mtoto asiyewahi kushindana na kitu kigumu ananyimwa. Kuhusu woga simfuati. Ukipitia kila jambo ambalo yeye mwenyewe anamshukuru baba yake kwalo, yale matembezi, kuachwa afikiri kabla ya kuambiwa, kurudia maandishi ya uchumi mpaka yaeleweke, baba kukubali kukatizwa mezani mara kwa mara, hulioni hata moja lililohitaji mtoto aogope.